Pua Ile Haikuwa Yake: Umbali, Lenzi na Mipangilio ya Kamera katika Picha za Sura

Shangazi alipoiona picha niliyompiga, aliisogeza simu mbali na macho, akairudisha karibu, kisha akasema kwa upole: "Mwanangu, hii pua si yangu." Nilimpa lile jibu ambalo kila mpigapicha analo mdomoni, kwamba kamera haisemi uongo. Ukweli ulikuwa upande wake. Nilikuwa nimesimama umbali usiozidi mkono ulionyooshwa, na kwa umbali huo kamera yoyote, iwe ya simu au ya studio, ingemtengenezea pua ambayo hajawahi kuwa nayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini namna watu wanavyouliza kuhusu picha za sura. Swali la kwanza karibu kila mara ni "ninunue lenzi gani?" La pili ni "niweke f ngapi?", yaani tundu linalopitisha mwanga ndani ya lenzi nilifungue kiasi gani. Maswali mazuri yote mawili, ila yanaruka lile linalopaswa kutangulia: nisimame wapi? Umbali, lenzi na tundu la lenzi vimefungamana kiasi kwamba sifa ya kimoja hupewa kingine, na hapo ndipo mtu anapotumia fedha nyingi kutibu ugonjwa ambao hatua tatu za kurudi nyuma zingeuponya.

Miguu kwanza

Chukua uso wa mtu mzima anayekutazama. Kutoka ncha ya pua hadi masikioni kuna kama sentimita 12. Weka kamera sentimita 30 mbele ya pua: pua iko sentimita 30, masikio yako sentimita 42. Kitu kinapokuwa karibu zaidi huonekana kikubwa zaidi kwa uwiano uleule wa umbali, hivyo pua, ikilinganishwa na masikio, inachorwa kwa asilimia 40 zaidi ya inavyostahili. Rudi nyuma hadi mita 1.5. Sasa pua iko sentimita 150 na masikio 162, na ziada imeshuka hadi asilimia 8. Rudi tena hadi mita 3, inabaki asilimia 4.

Hesabu hizo zinaeleza mengi. Kati ya sentimita 30 na mita moja na nusu, sura ya mtu inabadilika kabisa. Kati ya mita moja na nusu na mita tatu, tofauti ipo, lakini ni ya kutafutwa na jicho lililozoea. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Rutgers na Stanford, Marekani, walichapisha hesabu zao wenyewe kuhusu selfi: picha iliyopigwa sentimita 30 kutoka usoni huifanya pua ya mwanamume ionekane pana kwa kama asilimia 30 kuliko ile iliyopigwa mita 1.5. Walilifanyia kazi jambo hili kwa sababu madaktari wa upasuaji wa uso walikuwa wakipokea wagonjwa wanaotaka pua zao zipunguzwe ili watoke vizuri kwenye selfi. Jambo hilo linaniuma kila nikilikumbuka. Mtu anataka kukatwa nyama kwa kosa la umbali.

Je, basi turudi nyuma mpaka mwisho? Hapana. Ukifika mita tano, sita au zaidi, uso huanza kuwa bapa. Pua na mashavu hupoteza kina, masikio hujitokeza pembeni, shingo huonekana nene. Kuna na jambo jingine zaidi ya umbo: mtu anayepigwa picha anahitaji kukusikia ukizungumza naye kwa sauti ya kawaida. Ukimpigia kelele toka mbali, uso wake unakuwa wa mtu anayepigiwa kelele. Kwa hiyo eneo langu la kuanzia ni kati ya mita 1.5 na 2.5 kwa picha ya kichwa na mabega. Ndani ya eneo hilo ninasogea kulingana na uso uliopo mbele yangu. Mwenye uso wa duara akipigwa kwa karibu kidogo, mashavu hukimbilia nyuma na uso hurefuka. Mwenye uso mwembamba, au mwenye pua inayojitokeza, humfaa nikirudi nyuma.

Lenzi inakata tu

Hapa ndipo wengi watabishana nami, kwa hiyo fanya jaribio mwenyewe. Simama mahali pamoja, mita mbili kutoka kwa mtu. Mpige kwa lenzi ya milimita 35 (huo ndio urefu wa lenzi: namba ndogo huona kwa upana, kubwa huvuta karibu), kisha bila kusogea mpige kwa ya milimita 85. Picha ya kwanza itakuwa na chumba kizima, ya pili ina uso na mabega. Sasa ikate ile ya kwanza kwenye kompyuta mpaka ibaki sehemu ileile ya uso na mabega. Pua ni ileile, masikio ni yaleyale, hata nafasi kati ya kichwa na dirisha la nyuma ni ileile. Kilichopotea ni megapikseli tu. Urefu wa lenzi haugusi umbo la uso. Unachoamua ni kiasi gani cha mandhari kiingie kwenye fremu.

Kwa nini basi lenzi ya milimita 85 imebeba sifa ya kuwa lenzi ya sura? Kwa sababu inakulazimisha usimame pazuri. Tuseme unataka kichwa na mabega, eneo la sentimita 60 kutoka juu hadi chini, na kamera yako ina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha milimita 36 kwa 24, ukiwa umeishika wima. Kwa lenzi ya milimita 35 utalazimika kusogea hadi kama sentimita 60 ili uijaze fremu. Kwa milimita 50 ni kama sentimita 90. Kwa 85 unajikuta mita 1.5, na kwa 135 mita 2.4. Lenzi fupi inakuvuta hadi puani pa mtu, lenzi ndefu inakusukuma nyuma, na uso unafuata miguu yako. Ukishalielewa hili, lenzi inaacha kuwa na uchawi na inakuwa chombo.

Ukubwa wa kihisi nao unaingia hapa. Kamera nyingi zina kihisi kidogo cha aina ya APS-C, ambacho hukata picha kwa kiasi cha mara 1.5, na zile za Canon mara 1.6. Lenzi ya milimita 50 juu ya kamera hizo inaona kama ya 75 au 80. Kwa Micro Four Thirds, aina ya kihisi kidogo zaidi, ni mara mbili, kwa hiyo ya 42.5 inaona kama 85. Ndiyo maana anayeanza na kamera ya APS-C humwambia asihangaike kutafuta 85. Lenzi ya 50 yenye f/1.8, ambayo kwa watengenezaji wengi huwa miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa, itamweka karibu na umbali uleule. Hata ile zumu (lenzi inayobadili urefu) ya 18 hadi 55 iliyokuja na kamera, ukiivuta mpaka 55, inakuweka mahali sahihi. Kasoro yake ni tundu dogo, nalo tutalifikia.

Lenzi ya 35 ina kazi yake, na ninaipenda sana. Ni ya kumpiga mtu pamoja na mahali pake: fundi na karakana yake, mwalimu na ubao wake. Mwili mzima unaingia, kwa hiyo unasimama mita mbili au tatu na uso unabaki salama. Sharti moja tu: usimweke mtu ukingoni mwa fremu. Lenzi pana huvuta vitu vilivyo pembeni kuelekea nje, na kichwa kinachokaa kwenye kona hurefuka kama unga uliovutwa. Hili huonekana sana kwenye picha za kundi zilizopigwa kwa milimita 24 au 28, ambapo wawili wa mwisho kila upande wanatoka wanene kuliko wenzao. Rudi nyuma, vuta zumu, na hao wawili watakushukuru.

Kutafuta lenzi maalumu ya sura si jambo la leo. Mfaransa Daguerre alipotangaza mbinu yake ya kupiga picha mwaka 1839, lenzi zilizokuwepo zilipitisha mwanga kidogo mno, na mtu alilazimika kukaa kimya juani kwa dakika nyingi. Mwaka 1840 mwanahisabati Joseph Petzval, aliyefundisha Vienna, alikokotoa lenzi yenye tundu la karibu f/3.6, ikatengenezwa na kampuni ya Voigtländer. Muda wa kukaa ukashuka kutoka dakika nyingi hadi chini ya dakika moja au mbili. Ilikuwa kali katikati na laini pembeni, huku mandhari ya nyuma ikizunguka kama maji yaliyokorogwa. Kwa sura ya mtu, upungufu huo ukawa mapambo, na hadi leo wapo wanaoitengeneza upya kwa ajili ya mzunguko huo.

Tundu, macho mawili na sentimita tatu

Namba za f huwachanganya wengi kwa sababu zinakwenda kinyume na ukubwa wa tundu. Kumbuka kwamba ni mgawanyo. Lenzi ya milimita 85 ikiwa f/1.8 ina tundu la upana wa milimita 47, kwa sababu 85 ukigawa kwa 1.8 unapata 47. Ikiwa f/8, tundu ni kama milimita 11. Namba ndogo, tundu kubwa, mwanga mwingi, na eneo jembamba la picha linalobaki kali.

Jembamba kiasi gani? Kwa lenzi hiyo ya 85 ukiwa mita 1.5, kwa kihisi cha 36 kwa 24, eneo kali ni takriban sentimita 3 kwa f/1.8, sentimita 5 kwa f/2.8, sentimita 7 kwa f/4 na sentimita 10 kwa f/5.6. Nusu yake iko mbele ya mahali ulipoweka fokasi, yaani pale unapotaka pawe pakali kabisa, na nusu iko nyuma.

Sasa mwambie mtu ageuze kichwa kidogo, jambo ambalo karibu kila picha nzuri ya sura inalo. Kati ya mboni na mboni kuna kama sentimita 6. Akigeuka nyuzi 30, jicho la mbali linarudi nyuma sentimita 3. Ukiwa f/1.8 una sentimita moja na nusu tu nyuma ya fokasi, kwa hiyo jicho la pili limeshazama. Ukiwa f/4 una tatu na nusu, na macho yote mawili yako hai. Akigeuka nyuzi 45, jicho la pili liko nyuma sentimita 4 na ushee, na ni f/5.6 itakayolishika.

Kwa sababu hiyo siwaelewi vizuri wanaolifungua tundu lote kila wakati kwa kuwa wamelipia f/1.4. Kope moja kali, na sikio, nywele na jicho la pili vikiwa ukungu mtupu, ni picha ya lenzi. Mimi huanza f/2.8 kwa anayetazama kamera moja kwa moja, na f/4 kwa aliyegeuka. Kwa watu wawili au watatu huenda f/5.6, nikawapanga vichwa vyao viwe kwenye mstari mmoja kutoka kwangu, kwa kuwa kuwapanga ni rahisi kuliko kupambana na fizikia. Fokasi huwekwa kwenye jicho la karibu. Kama kamera yako inatambua macho, iache ifanye kazi hiyo. Kama haitambui, hamisha alama ya fokasi mpaka ikae juu ya jicho lenyewe. Kufunga fokasi katikati na kisha kuizungusha kamera hupeleka sentimita hizo tatu mahali pengine.

"Lakini nataka nyuma pafifie," utaniambia. Nami napenda. Ila kufifia kwa mandhari ya nyuma kuna baba wawili, na namba ya f peke yake si hata mmoja wao. Wa kwanza ni upana halisi wa tundu kwa milimita. Lenzi ya 50 ikiwa f/1.8 ina tundu la milimita 28. Ya 135 ikiwa f/2.8 ina tundu la milimita 48. Ukimpiga mtu yuleyule kwa ukubwa uleule ndani ya fremu, ile ya 135 itafifisha miti ya mbali zaidi, ingawa namba yake ni kubwa, na uso wake utakuwa na kina cha kutosha. Baba wa pili ni nafasi kati ya mtu na kilicho nyuma yake. Mtu aliyeegemea ukuta atakuwa na ukuta mkali hata ukiwa na lenzi ya bei gani. Mwondoe ukutani, msogeze mbele hatua kumi, na ile zumu ya 18 hadi 55 kwenye f/5.6 itakushangaza.

Shata na ISO

Haya mawili yana maelezo mafupi. Shata ni pazia linaloamua kamera ipokee mwanga kwa muda gani, na ISO ni namba ya wepesi wa kihisi kuitikia mwanga. Kanuni ya zamani inasema kasi ya shata isipungue moja juu ya urefu wa lenzi: kwa 85, usishuke chini ya 1/85 ya sekunde. Kanuni hiyo ni ya mtikisiko wa mikono yako. Haimjui mtu anayepumua, kupepesa na kucheka. Kwa mtu mzima aliyetulia natumia 1/200 na kuendelea, kwa mtoto 1/500. Kifaa cha kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi au kamera hutuliza kamera tu, hakimtulizi mtoto.

Ukitumia flashi, kamera nyingi zina kikomo cha karibu 1/200 au 1/250. Ukikizidi bila kuwasha mfumo wa flashi wa kasi ya juu, unapata ukanda mweusi unaokata picha. Na chini ya taa za umeme zinazopepesa, ambazo jicho halizioni zikipepesa, kasi kubwa huleta picha moja ya njano, nyingine ya kijani, nyingine nyeusi. Kwa umeme wa hezi 50, shuka hadi 1/100 na tatizo litapungua sana.

ISO iache ipande. Chembechembe za ISO 1600 au 3200 kwenye kamera ya miaka ya karibuni zinavumilika, na programu za kuhariri huzipunguza. Uso uliotikisika hauna dawa. Kitu kibaya zaidi ya ISO kubwa ni picha iliyopigwa giza kwa kuogopa ISO kubwa, kisha ikavutwa juu kwenye kompyuta: hapo chembechembe hujitokeza palepale kwenye ngozi.

Ngozi na kipima mwanga

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mafunzo huligusa kwa sentensi moja, nami nataka kulikalia.

Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kinakadiria kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati, na kinarekebisha mpaka kiwe hivyo. Mweke mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya dirisha au ukuta mweupe. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unageuka kivuli chenye meno. Mweke mtu huyohuyo mbele ya pazia jeusi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na ngozi yake inatoka ya majivu, imefuliwa rangi. Mtu ni mmoja na ngozi ni moja. Kamera imekosea mara mbili kwa njia mbili tofauti.

Kosa hili lina historia ndefu kuliko kamera za kidijitali. Katikati ya karne ya 20, maabara za kusafisha filamu za rangi zilipima usahihi wa rangi kwa kadi za kampuni ya filamu ya Kodak zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine imehesabiwa sawa. Ngozi nyeusi zilipotea kwenye kivuli kwa miongo, na miongoni mwa waliolalamika kwa nguvu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Watengenezaji wa simu nao wamechelewa. Google ilizindua marekebisho yake iliyoyaita Real Tone mwaka 2021, pamoja na simu yake ya Pixel 6.

Cha kufanya ni hiki. Badili kipima mwanga kisome eneo dogo tu, kielekeze shavuni upande wenye mwanga, kisha wewe ndiye uamue. Kwa ngozi nyeusi sana, kamera itataka kuivuta hadi kijivu cha kati, kwa hiyo punguza mwanga kiasi cha hatua moja (yaani uwe nusu) kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa. Kwa ngozi ya kahawia ya kati, usomaji huo mara nyingi uko sawa. Kwa ngozi nyeupe, ongeza hatua moja. Kama una muda, tazama histogramu (mchoro wa mwanga wa picha, giza kushoto na mwangaza kulia) na uhakikishe paji la uso halijagonga ukuta wa kulia, kwa maana mwanga uliopitiliza haurudi, ilhali kivuli kidogo kinaweza kuinuliwa. Piga kwa faili la RAW, lile ambalo kamera haijalihariri, ili urekebishe rangi ya mwanga baadaye bila kuiumiza ngozi.

Ngozi nyeusi huchorwa vizuri zaidi na ule mng'ao unaotembea juu ya mfupa wa shavu, pua na paji. Mng'ao huo hutoka kwenye chanzo kikubwa cha mwanga kilichowekwa upande: dirisha pana, ukuta mweupe unaopigwa na jua, mlango uliofunguliwa. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera hutawanya mwanga usoni kote kwa usawa na kuacha doa la mafuta katikati ya paji. Igeuze ipige dari au ukuta. Na unapohariri, tafadhali iache ngozi ibaki na rangi ya mwenyewe. Kumwongezea mtu mwanga ili aonekane ni kazi yetu. Kumbadilisha rangi ili "apendeze" ni dharau, hata ikifanywa kwa nia njema.

Ulaini wa mwanga, kwa kila ngozi, unatokana na ukubwa wa chanzo kikilinganishwa na uso. Jua ni kubwa mno lakini liko mbali, kwa hiyo linafanya kazi kama taa ndogo na kuchora vivuli vyenye makali chini ya macho. Dirisha la mita moja, mtu akiwa mita moja kutoka kwalo, ni taa kubwa. Mtu huyohuyo akisogea mita tano ndani ya chumba, dirisha lilelile limekuwa dogo na vivuli vimekuwa vikali. Tafuta nukta ya mwanga ndani ya macho. Kama haipo, mwinue kidevu kidogo au mgeuze mpaka ije.

Ukiwa na simu tu

Karibu yote yaliyotangulia yanaingia kwenye simu. Lenzi yake kuu huona upana wa kama milimita 24 hadi 26, kwa hiyo ukiijaza fremu kwa uso, umesimama karibu sana, na hapo ndipo nilipomkosea shangazi. Rudi nyuma mita 1.5 au 2, kisha gusa 2x au 3x. Hata kama 2x ya simu yako ni kukata tu bila lenzi ya pili, umbo la uso limeshaokolewa na umbali. Gusa uso kwenye kioo ili fokasi na mwanga vifungwe hapo, halafu telezesha kidole kurekebisha mwangaza. Kwa selfi, iegemeze simu mahali na utumie kipima muda.

Hali ya potreti, iliyoenea tangu iPhone 7 Plus mwaka 2016, hukisia kina cha picha na kufifisha nyuma kwa hesabu. Hukosea kwenye nywele, hereni na fremu za miwani. Punguza kiwango cha ukungu mpaka makosa hayo yajifiche, na zima kabisa kile kichujio cha kulainisha ngozi, ambacho simu nyingine hutoka nacho kikiwa kimewashwa. Futa lenzi kwa kitambaa safi. Ukungu mwingi unaolaumiwa kamera ni alama za vidole.

Shangazi nilimpiga tena, mita mbili kutoka kwake, kando ya dirisha, 2x, mwanga umepunguzwa kidogo. Pua ilikuwa yake. Lakini bado aliitazama picha kwa mashaka. "Mbona kama nimepinda?" Hilo nalo lina maelezo. Sura anayoijua mtu kuwa ni yake ni ile ya kwenye kioo, iliyogeuzwa kushoto kulia, na hakuna uso ulio sawa pande zote. Jaribio la wanasaikolojia wa Marekani lililochapishwa mwaka 1977 lilionyesha kuwa watu huipenda zaidi picha yao iliyogeuzwa kama kioo, na rafiki zao huipenda ile ya kawaida. Niliigeuza picha, nikamwonyesha zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Alichagua ya kioo papo hapo. Binti yake, aliyekuwa ameketi karibu, alichagua ile nyingine, akashangaa kwamba kuna swali. Nikazichapisha zote mbili. Ile ya kioo iko chumbani kwa shangazi, nyingine iko kwa binti yake.